Mgeni wa Siku ya Tatu

Wahenga wa mwambao walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno haya yamezoeleka masikioni hata yamekaribia kuchakaa. Aghalabu hutajwa kwa mzaha, pale mgeni aliyekwisha kuagwa mara mbili anapoonekana bado amejinyoosha barazani akingojea chai ya jioni. Maana inayochukuliwa hapo ni moja: mgeni akizidisha siku huwa mzigo, na mzigo hupunguzwa kwa kazi. Jembe, kwa usomaji huo, ni adhabu iliyovikwa adabu; ni namna ya kumwambia mtu aondoke bila ya kumtamkia.

Upo, hata hivyo, usomaji wa pili, nao haulazimishi maneno hata kidogo. Jembe halipewi mpita njia. Hupewa mtu anayetarajiwa kuwepo mvua itakaponyesha, na kuwepo tena siku ya kuvuna. Siku mbili za mwanzo mgeni hupewa chakula cha watu. Siku ya tatu hupewa nafasi miongoni mwa watu. Anayekabidhiwa jembe ameambiwa kwamba shambani pana mstari unaomngoja yeye, na kwamba akiuacha pengo litaonekana. Kwa usomaji huu, wa kuonewa huruma ni yule asiyepewa jembe kabisa. Yule ambaye kila ajapo huwekewa mto, huchekewa, huletewa dafu, kisha huondoka hali hakuna aliyemtaka jambo lolote.

Kadhia hii ina uzito wake katika visiwa vya Unguja na Pemba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar wakaazi karibu 1,890,000. Mwaka 2019 walifika wageni zaidi ya 530,000 kutoka nje, na mwaka 2024 wakazidi 700,000. Katika umati huo wapo wanaokuja mara moja, wakaona, wakaenda zao na kuhamia nchi nyengine ya kuonwa. Na wapo wanaorudi. Hawa wa pili ndio wanaoleta swali. Anayekuja mara moja husema, "Nilikwenda kisiwa kimoja." Anayerudi husema, "Nakwenda kisiwani kwangu." Hapo ndipo panapotakiwa kuulizwa: kimilikishi hicho kimepatikana kwa njia gani? Kupenda mahali kunampa mpenzi haki gani, na kunamtwika wajibu gani?

Na achukuliwe mfano wa mtu mmoja wa kubuni, ambaye hata hivyo si mgeni kwa yeyote aliyewahi kuishi pwani ya mashariki ya Unguja. Ni mtu wa ofisini, wa mji mmoja wa baridi huko Ulaya. Alifika Jambiani kwa mara ya kwanza miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo kila mwaka, kusi inapovuma na hewa kuwa baridi, hurudi kwa wiki moja. Hoteli ni ile ile, na chumba, akikipata, ni kile kile. Anajua mawimbi yanapasukia wapi mwambani, anajua saa ambayo maji huanza kujaa, anajua maneno arubaini ya Kiswahili na huyatumia yote. Wafanyakazi humwambia, "Karibu tena, karibu nyumbani," naye huamini.

Furaha ya mtu huyu si ya kuchekwa. Huko atokako huenda jirani wa ukuta mmoja hajui jina lake. Hapa yupo kijana anayekumbuka kwamba yeye hunywa chai bila ya sukari. Kukumbukwa ni katika mahitaji ya moyo, na aliyevuka bahari mbili kukitafuta hicho hakufanya upuuzi. Anapoishika miguu mchanga ule mweupe siku ya kwanza, anapousikia upepo katika minazi, kitu ndani yake hulegea ambacho mwaka mzima kilikuwa kimekazwa. Mwenye kukanusha kwamba hayo ni mapenzi atakuwa amewafanyia watu choyo ya neno.

Lakini zihesabiwe siku zake. Wiki ishirini ni siku 140. Zinakaribia miezi mitano. Mtu aliyekaa kijijini miezi mitano mfululizo angekwisha kujua nani amegombana na nani, kisima gani kina chumvi, mtoto wa nani hakwenda skuli kwa kukosa sare. Angekuwa ameitwa kwenye harusi mbili na maziko matatu. Angekuwa amekopwa fedha, na pengine hakulipwa, na angekuwa amekosea jambo akakanywa. Yule wa wiki ishirini hajapitiwa na hata moja katika hayo, kwa kuwa kila alipotua hesabu yake ilianza upya kwenye moja. Likizo, kwa maumbile yake, ni siku ya kwanza iliyorefushwa. Hununuliwa ili siku ya tatu isifike. Mtu huyu, baada ya miaka ishirini, ana siku za kwanza ishirini na hana siku ya tatu hata moja.

Haikuwa hivi daima. Kwa karne nyingi wageni wa visiwa hivi waliletwa na upepo. Majahazi ya Arabuni, ya Ghuba ya Uajemi na ya Bara Hindi yalishuka na pepo za kaskazi, kuanzia miezi ya Novemba na Disemba, na hayakuweza kurudi hadi pepo za kusi zilipoanza kuvuma karibu na Aprili. Nahodha angeweza kumaliza kuuza tende zake na kununua boriti zake kwa wiki chache, lakini upepo haukumuuliza kama amemaliza. Alilazimika kungoja. Katika kungoja huko ndimo siku ya tatu ilimokuwamo. Palikuwa na muda wa kuugua na kuuguzwa, wa kudaiwa, wa kujifunza lugha, wa kuoa. Nyumba nyingi za mwambao zina nasaba iliyoanza na mtu aliyekusudia kuondoka musimu ujao. Hapana haja ya kuipamba enzi hiyo, kwani majahazi hayo hayo yalibeba watumwa, na si kila aliyengojea upepo alikuwa mtu mwema. Lililo wazi ni hili tu: ugeni ulikuwa na urefu ambao mgeni hakuupanga mwenyewe, na kisiwa kilipata muda wa kumtaka kitu.

Ndege imeuondoa ulazima huo. Inamleta mtu Jumamosi na kumchukua Jumamosi, na baina ya hizo mbili anaweza kuishi juu ya kisiwa kama mafuta juu ya maji. Anaona mengi, na asiloliona ni jinsi mambo yanavyofuatana.

Mfano wake upo pale pale pwani, mbele ya macho yake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Nyakati za bamvua, maji yanapokupwa na kuacha mchanga wazi kwa masafa marefu, wanawake hushuka na vijiti, kamba na magunia, huinama kwenye mistari yao, hufunga na kufungua, na hurudi maji yanapowafukuza. Yule mgeni wa kila mwaka ana picha zao tokea safari ya kwanza: migongo iliyoinama, kanga zilizolowa, mbingu pana. Katika picha za zamani wanawake ni wengi. Katika picha za karibuni ni wachache, na yeye amelitambua hilo, amesikitika, kwani pwani aliyoizoea imepungukiwa na kitu.

Sababu ya kupungua hakuwahi kuijua. Bahari imepata joto. Mwani wa aina ya kotonii, wenye bei iliyo bora, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi, na walio wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo mno kwa kazi inayovunja kiuno. Kuuhamishia kotonii kwenye kina kirefu kunahitaji chombo na kunahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufunzwa kuogelea ingawa walizaliwa hatua chache kutoka baharini. Basi wako walioacha. Picha iliyopungua katika albamu ya mgeni ni ada ya skuli iliyopungua katika nyumba ya mtu. Wote wawili wamepoteza kitu kimoja, na masikitiko yote mawili ni ya kweli. Lakini yakiwekwa mizanini hayalingani, na mwenye jepesi hajui kwamba liko zito, ilhali mwenyewe analo limesimama mita hamsini kutoka kitini pake.

Na yako maji. Unguja hunywa maji ya chini ya ardhi, yaliyokaa katika mawe ya matumbawe juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda. Uchunguzi wa shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusu vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ulieleza kwamba matumizi ya nyumbani ya wenyeji yalikuwa wastani wa lita 93 kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Mgeni hakuiba maji hayo. Alifungua bomba lililokuwapo, katika chumba alichokilipia. Hata hivyo mtu anayesema "kwangu" hutarajiwa kujua kisima cha kwao kina kina gani.

Hapa itajibiwa, na jawabu ni la haki: mgeni huyu hali bure wala halali bure. Utalii hukadiriwa kuchangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar. Fedha yake imelipa mishahara, imenunua samaki wa mvuvi, imejenga nyumba za mawe pale palipokuwa na vibanda vya makuti. Je, hiyo siyo jembe lake? Amelima kwa fedha, kama wengine walimavyo kwa mkono. Kumtaka zaidi ya hapo ni kumtaka alipe mara mbili.

Jawabu hili halifai kupuuzwa, kwani wanaolipuuza aghalabu ni wale ambao riziki yao haitoki huko. Lakini fedha ina tabia moja ambayo jembe halina: humaliza. Muamala ukikamilika, pande mbili huachana salama, hakuna anayemdai mwenzake. Huo ndio uzuri wa biashara, na ndiyo maana hata maadui wanaweza kufanya biashara. Ujirani una kanuni nyengine. Katika mitaa ya mwambao jirani akipelekewa sahani ya mkate wa kumimina, sahani hairudishwi tupu. Hurudi na sambusa tatu, au na embe kutoka mtini. Kwa hiyo daima yuko mmoja anayemdai mwengine, na deni hilo lisilolipwa likaisha ndilo linaloushikilia ukuta wa pamoja. Aliyelipa kila kitu, kwa ukamilifu, kabla ya kuondoka, ameondoka akiwa huru. Hawezi tena kushangaa kwamba aliowaacha nao wako huru naye.

Lipo jambo la pili ambalo mpenzi wa kisiwa hulitaka, nalo ni gumu zaidi kulisamehe, kwa kuwa hujificha nyuma ya sifa. Hutaka kisiwa kisibadilike. Husema, "Zamani palikuwa pazuri." Hulalamikia umeme uliofika, pikipiki, mabati yaliyochukua nafasi ya makuti, ingawa mabati yale yamepunguza kazi ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Kuna malalamiko yaliyo ya haki: ukuta uliozuia njia ya wavuvi ya kushukia pwani ni dhulma kwa mwenyeji kabla ya kuwa uchafu katika macho ya mgeni. Lakini ukaguzi mdogo unaweza kufanywa kila mtu anapolilia mabadiliko. Na aulizwe: unamlilia nani?

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, na lilikuwa ndilo sura ya Mji Mkongwe kwa kila anayeingia bandarini. Mji Mkongwe wenyewe uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Habari zilienea duniani kwa saa chache, na watu waliowahi kulala Unguja usiku tatu waliandika kwamba mioyo yao imevunjika. Chini ya kifusi kile palikuwa na mafundi wawili waliokuwa wakilikarabati jumba, na walifariki. Mmoja alililia mnara aliopiga picha mbele yake. Mwengine alililia mtu aliyetoka nyumbani asubuhi na kuaga. Hakuna ubaya kulilia mnara. Ubaya uko katika kulia kwa sauti kubwa hadi kilio cha mwengine kisisikike.

Itasemwa pengine kwamba yote haya ni ya wageni wa mbali, na kwamba mzaliwa wa kisiwa hayamhusu. Yeye damu yake ni jembe tosha. Historia haikubaliani na usahilishaji huo.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka kwa sababu ya mfanyabiashara wa Kijerumani aliyempenda, na Ulaya ikamjua kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1885 alirudi kukiona kisiwa chake na kudai urithi wake, akiwa amefuatana na manowari za Kijerumani. Ndugu yake, Sayyid Barghash, hakukubali kumpokea. Alirudi tena mwaka 1888, na hakupata alichokitafuta. Alifariki mjini Jena mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja. Nani atathubutu kusema kwamba mwanamke huyo hakukipenda kisiwa? Madai yake ya urithi pengine yalikuwa na haki. Lakini aliyerudi na mizinga nyuma yake, hata kama mizinga si yake, amerudi kudai kabla ya kudaiwa. Mchanga aliuchukua, nao haukumkatalia, kwa kuwa mchanga haumkatalii mtu. Watu ndio wenye kukubali na kukataa.

Yako marejeo mengine, ya unyenyekevu zaidi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kutunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuishi Uingereza. Hakuweza kurudi hadi mwaka 1984, akawahi kumuona baba yake muda mfupi kabla ya mzee huyo kufariki. Safari ya namna hiyo haiitwi likizo hata ikiwa imefanywa katika siku za likizo. Anayekwenda kumuona mzazi kabla hajafa anakwenda mahali ambapo anangojewa, na anajua kwamba akichelewa atakuwa amekosa jambo lisilolipika.

Baina ya marejeo hayo mawili wanapita maelfu ya wana wa visiwa wanaoishi Maskati, Dubai, London na Toronto, ambao hurudi wakati wa Sikukuu au skuli zinapofungwa. Masanduku yao ni mazito kwa zawadi, na mapenzi yao hayana shaka. Hata hivyo wako miongoni mwao wanaofikia hotelini kwa kuogopa choo cha shangazi, wanaopita nyumba kumi kwa asubuhi moja, dakika kumi kila nyumba, na wanaokasirika wakikuta mlango wa zamani umeuzwa, ilhali kwa miaka kumi na mitano hawakuuliza paa la juu ya mlango ule linavuja au halivuji. Mtu wa namna hii ana jina la mwenyeji na siku za mgeni. Na yuko, kwa upande mwengine, mgeni asiye na tone la damu ya kisiwa ambaye amekaa mkekani usiku kucha katika matanga. Siku ya tatu haigawiwi kwa nasaba.

Iliwahi kuja mizani iliyowapima wote bila ya mtu kukusudia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, ndege za wageni zilisita tokea Machi, na idadi ya waliofika mwaka huo ilishuka chini ya nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Hoteli zilifungwa, na vijana waliokuwa wakibeba masanduku walirudi vijijini, wengine kwenye uvuvi, wengine mashambani, na wako waliorudi kwenye mwani. Mawimbi yaliendelea kupasuka mwambani pasipo mtu wa kuyatazama kutoka kitini. Kisiwa hakikusita kuwa kisiwa kwa kukosa kutazamwa.

Mwaka huo kila mpenzi wa kisiwa aliyekuwa mbali alikikosa. Lakini kukosa kuna namna mbili. Yuko aliyekosa pwani: alifungua picha zake, akaugua kwa hamu, akahesabu miezi. Na yuko aliyekosa watu: alijiuliza yule kijana wa chai bila ya sukari anakula nini sasa, na akagundua, pengine kwa fedheha, kwamba baada ya miaka hiyo yote hajui nambari yake ya simu, wala jina la baba yake, wala kama ni mtu wa Jambiani au ametoka Bara kutafuta kazi. Fedheha ile ilikuwa ni kheri. Ilikuwa ndiyo alfajiri ya siku ya tatu.

Si haki, hata hivyo, lawama yote kumwangukia anayekuja. Methali haisemi kwamba mgeni achukue jembe; inasema apewe. Kwa hiyo uko wajibu wa mwenye nyumba pia, na wajibu huo umesahauliwa zaidi kuliko ule wa mgeni. Mwenyeji anayemchekea mgeni miaka ishirini bila ya kumwambia neno moja la kweli hakumkirimu. Amemjengea ukuta wa tabasamu. Wako wanaosema, "Mwache, ni mtalii tu," anapopita kijijini nusu uchi wakati watu wanatoka msikitini, kisha humsengenya akishapita. Kumkanya kungekuwa ni kumheshimu, kwani hukanywa mtu anayehesabiwa kuwa anaweza kuelewa. Anayenyamaziwa daima ameshawekwa katika fungu la watoto na wapita njia.

Watu wa Makunduchi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Katika Mwaka Kogwa, unaoadhimishwa kila Julai, watu hupigana kwa magomba ya migomba ili kinyongo cha mwaka kitoke, na katika mila hiyo inahesabiwa kuwa si kheri nyumba kukosa mgeni siku ile. Mwenyeji humhitaji mgeni, na humhitaji siku ambayo wenyeji wanatoleana ya moyoni. Mgeni hakufichwa ugomvi. Amekaribishwa aone kwamba watu hawa hugombana na hupatana, kwamba si picha. Mwenye kuoneshwa hayo ameaminiwa, na mtu akishaaminiwa ana jambo la kulinda.

Basi jembe la mgeni wa leo ni lipi? Haliwi wiki moja ya kufundisha watoto nyimbo na kuondoka, kwani huko nako ni kuchukua kwa sura ya kutoa. Haliwi pia kujifanya mtu wa kisiwa kwa kuvaa kikoi. Jembe ni kukubali kutakwa. Ni kuuliza maji yanatoka wapi, na kujinyima baadhi yake bila ya kusifiwa. Ni kuja safari moja wakati wa masika, fukwe zikiwa tupu na paa likivuja, wakati ambao kisiwa hakina cha kuuza. Ni kujua majina, na majina ya waliozaa majina hayo. Ni kuuacha mlango ubadilike, mabati yang'ae, mtoto wa mfanya mwani asome uhasibu na asishuke pwani tena, na picha iliyopendwa ife ili aliyekuwamo ndani yake apumzike. Anayetaka kipenzi chake kibaki kilivyo kwa ajili ya macho yake ana mapenzi ya mwenye tundu kwa ndege wake.

Kazi hiyo haina cheti, na hakuna atakayeitangaza siku ilipomalizika. Huenda siku moja yule mtu wa Jambiani atafika, kama kawaida yake, katikati ya kusi. Ataweka sanduku, na kabla ya kushuka pwani atakwenda kijijini, kwa njia ya mchanga inayopita baina ya kuta za mawe, hadi kwenye nyumba moja ambako mwaka uliopita alikunywa chai. Bibi mwenye nyumba atakuwa barazani anasuka ukili. Hatainuka, wala hatamwambia karibu nyumbani. Atamtazama, na mikono yake haitaacha kusuka.

"Mbona umechelewa?" atamuuliza. "Tulimzika mzee mwezi wa nne. Tulikutafuta."

Mgeni atasimama pale hana la kusema, na maneno yake arubaini hayatamsaidia. Kisha bibi atasogea kidogo, ampishe nafasi kwenye mkeka.